Kumpa Sauti Jini wa Daraja

Jumatatu, 3 Novemba

Shuka mia mbili na kitu kabla ya chakula cha mchana. Mashine ya kupigia pasi imekufa tena. Fundi atakuja kesho, inshallah. Kesho ya fundi huyu naijua. Mgongo unauma na mikono inanuka sabuni hata nikila.

Saa nane supavaiza akatuita, sote saba wa kufulia. Hoteli haitakuwa tena na dobi wake. Kampuni fulani itakuwa inachukua nguo kwa lori na kuzirudisha zimekunjwa. Mikataba yetu inaisha tarehe thelathini na haiongezwi. Khalas, basi. Aliyasema hayo kama anayesoma orodha ya vyakula. Wenzangu wawili walilia. Mimi niliuliza kama taulo za bwawa zikunjwe leo au kesho. Akaniangalia vibaya. Mimi nikiumia huwa nauliza maswali ya kijinga.

Viza ni ya hoteli. Mkataba ukiisha, nayo imekwisha. Nipate mwajiri mwingine mwezi huu, au nirudi Bungoma na sanduku lile lile nililokuja nalo.

Sitaki kurudi. Wacha niliandike wazi, kwa sababu kwenye simu huwa nasema nimewakumbuka sana. Sitaki.

Jumanne, 4 Novemba

Fundi hakuja.

Kizza amenishika langoni wakati natoka. Kizza ni mlinzi wa lango la nyuma, Mganda wa Masaka, mtu mrefu mwenye sauti kama redio ya zamani. Kwao alitaka kuwa mtangazaji akaishia kukagua malori ya mboga hapa Al Mankhool, Dubai. Ameniambia amepata mahali. Kuna studio ndogo Al Qusais inatia sauti ya Kiswahili kwenye katuni za Kijapani, zile wanazoita anime. Yeye ameshachaguliwa. Wanatafuta mwanamke.

Nikamuuliza kwa nini mimi. Akasema, nyabo, ndivyo wanavyomwita mama kwao, kila siku nakusikia ukigombana na mashine, na mashine zinanyamaza.

Nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu jana. Kisha nikakasirika, maana nilikuwa nimeamua leo nikasirike.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeenda. Siku yangu ya mapumziko, na studio yenyewe ni mwendo wa dakika kumi kutoka chumba chetu. Iko juu ya ghala la matairi. Mwenye nayo anaitwa Sir Nabil, Mlebanoni, mpole, hajui Kiswahili hata neno ila "sawa sawa". Anayeamua mambo ya Kiswahili ni Bi Salma. Mama wa makamo, wa zile familia za Unguja zilizokaa huku miaka na miaka, mtandio umetulia kichwani, macho hayakosi kitu. Ukikosea neno anafunga macho kana kwamba umemkanyaga.

Hadithi yenyewe ni hii, nisije nikasahau. Mfanyabiashara wa rangi za nguo anasafiri mji hadi mji na gari lake la farasi. Njiani amempakia jini wa kike. Jini huyo alikuwa akilinda daraja kwa miaka mia saba, hadi watu wakajenga daraja jingine na hakuna aliyepita tena kwake. Basi akaliacha, akapanda gari la mfanyabiashara. Wanasafiri pamoja. Wanauza, wananunua, wanazungumza. Ndiyo hayo. Hakuna upanga. Hakuna anayelipuka.

Sisi tumepewa sehemu ya tano, na hii ni balaa. Mvua imewafungia kwenye nyumba ya wageni, na kwa dakika ishirini na kitu wamekaa mezani wakiongea. Jini amesema wakifika mji unaofuata atashuka, basi, kila mtu na njia yake. Mfanyabiashara anamuuliza, ni bei gani ya wewe kubaki? Wanaanza kupatana. Tufaa moja kila siku. Kukaa mbele ya gari, si nyuma na mizigo. Yule mwanaume kumwambia ukweli mmoja kila juma. Hilo la mwisho analikataa. Jini anasimama, anaenda mlangoni. Kimya. Halafu anaitwa, na sehemu inaishia hapo.

Nikasoma kurasa mbili mbele ya maiki. Bi Salma akanisikiliza kichwa upande. Akasema, "Jini huyu hana haya wala haraka. Haya huna, hilo nimeliona. Haraka ndiyo tutaitoa."

Nimechukuliwa kwa majaribio. Wenye filamu, watu wa televisheni ya huko nyumbani, wataisikiliza sehemu hii moja. Wakiipenda, Sir Nabil anapewa zote kumi na mbili, na mimi na Kizza tunaandikwa kazi, viza na kila kitu. Wasipoipenda, kwaheri.

Kwa hiyo kila kitu changu kiko kwa jini. Mimi Mkristo wa Bungoma.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimetoka kazini saa tisa, nikapanda metro moja kwa moja hadi studio. Tumerekodi saa nne nzima. Kumbe kazi hii ni ya mgongo kama ile ya shuka. Unasimama, hedifoni masikioni, unaangalia midomo ya mtu wa kuchorwa, unaanza naye na unamaliza naye. Na ndege! Kiwanja kiko karibu, kila baada ya muda ndege inapita juu ya paa na Sir Nabil anainua mkono. Tunangoja. Inapita. Tunaanza upya.

Kizza ni mzuri. Inaniudhi jinsi alivyo mzuri. Kiswahili chake kinachechemea, lakini akishika karatasi sauti inakuwa ya mtu aliyelala njiani na kunyeshewa. Bi Salma anamrekebisha kidogo tu. Mimi ananirekebisha kila mstari. Mara nasema kwa ukali, mara namaliza kabla ya jini mwenyewe. Alisema, "Mwanangu, nani anakufukuza?"

Pale jini anapoenda mlangoni nililia. Kweli kweli, machozi. Sikupanga. Nilisema mstari wa mwisho kwa kelele, nikakata. Nikadhani nimewamaliza. Kizza alinipigia makofi.

Bi Salma hakupiga. Aliuliza tu kama nataka chai.

Jumapili, 9 Novemba

Kanisani. Nimeomba wazi bila kuzunguka. Bwana, nipe jini huyu.

Jumanne, 11 Novemba

Wamejibu. Haikupita.

Sir Nabil aliniita pamoja na Kizza akatusomea barua, Bi Salma akitafsiri. Wanasema sauti ni nzuri. Lakini mazungumzo hayana joto. Watu wawili wanaachana, mtazamaji atazima. Wametupa nafasi moja zaidi. Jumapili ijayo mama mmoja kutoka kwao atakuwa Dubai na atakuja kuitazama pale pale studioni, na anataka watazamaji wa kawaida wawepo, Waswahili wa kazi, si watu wa studio. Wakichoka wao, basi.

Nilikasirika sana. Nikasema mbele ya wote kwamba jini kasimama, kaenda mlangoni, hiyo si kuachana ni nini? Mtu akienda mlangoni anaenda.

Bi Salma akaniuliza polepole, "Wewe ulipatana bei mara ya mwisho lini?"

Sijawahi. Ndiyo ukweli. Wenzangu chumbani hunicheka. Nikiambiwa bei, ama nalipa ama naondoka. Mambo ya kusema kumi huku unamaanisha tano naona ni uongo, na sina muda wa uongo. Nilimwambia hivyo hivyo.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeona ugonjwa ulipo. Akasema Alhamisi niende Naif, sokoni. Kuna mama anaitwa Zuhura, mfanyabiashara wa Kariakoo, mtoto wa jirani yake wa zamani. Huja kila baada ya miezi kununua mali. Nimbebee mifuko na nifunge mdomo.

Nisafiri kwenda kubeba mifuko. Siku yangu ya mapumziko. Aki.

Jumatano, 12 Novemba

Mashine imetengenezwa leo, wiki mbili kabla ya kuuzwa. Sijui nicheke ama nilie. Nimekunja taulo na kumwaza Wanjala, mwanaume niliyemwacha Bungoma.

Sikutaka kumwandika humu. Lakini ndiyo sababu nililia pale kwenye maiki, na ni ujinga kujificha kwenye daftari langu mwenyewe. Siku niliyotoka kwake tulikuwa tumegombana juu ya mimi kuja huku. Nilibeba sanduku nikatoka. Alikuwa kwenye kiti, mkono kwenye shavu. Hakuniita. Miaka minne sasa. Kila mtu akiniuliza nasema hivyo, hakuniita, na watu husema pole, na mimi husikia raha kidogo kwamba kosa ni lake.

Basi. Nimeliandika.

Alhamisi, 13 Novemba

Sijui nianzie wapi. Naanza asubuhi.

Mama Zuhura ni mfupi, mnene, mwenye raba nyeupe na kijimkoba kifuani kama dereva wa bodaboda. Alinikagua akasema, "Wewe ndiye mtoto mwenye haraka." Saa tatu tulikuwa tayari mlangoni pa duka la mapazia huko Naif, na duka lenyewe halijafunguliwa. Nikauliza kwa nini tuwahi hivi. Akasema mteja wa kwanza haachwi aende. Kwao Kariakoo ni hivyo, na Waarabu na Wahindi wa hapa nao ni hivyo hivyo: wa kwanza akitoka mikono mitupu, siku ya muuzaji imeharibika. Kwa hiyo wa kwanza ana nguvu. Na kwa kuwa ana nguvu, lazima awe na adabu.

Mwenye duka, mzee Myemeni, akapandisha shata la mlango. Bismillah nyingi. "Karibu mama, karibu, habari ya Dar?" Kiswahili chake safi kuliko cha Kizza. Wakaanza. Habari za watoto. Habari za mvua. Mama akashika pazia, akaliacha. Akataja bei, mzee akashika moyo kama amechomwa kisu. Mzee akataja yake, mama akamuuliza kama pazia hilo linakuja na nyumba. Wakacheka wote wawili. Nusu saa! Mimi nimesimama na mifuko mitupu, miguu inawaka moto.

Nikasema. Ee Mungu nisamehe, nikasema, mama, si pesa unazo, na baba wa watu ameshasema bei yake, lipa twende.

Mzee akanitazama, halafu akamtazama mama, halafu akatabasamu hadi jino la mwisho. Kwisha kazi. Bei ilisimama pale pale kama nguzo, mama akalipa. Nje alitembea hatua kumi. Kisha akasema, "Sasa utanunua wewe." Nikasema sina haja ya kitu. Akasema hakuna aliyekuuliza kuhusu haja.

Duka la pili lilikuwa ndiyo kwanza linafagiliwa. Nikaingia. Nikataja bei ya chini niliyofundishwa, kijana wa watu akakataa, nikasema basi, nikageuka nikatoka. Nilikuwa nimepita maduka matatu kabla Mama Zuhura hajanifikia akihema. Nikamwambia, umeona, hakuniita.

Akanishika mkono wa blauzi. Alisema, na hapa naandika kama alivyosema, "Umekimbia. Umenuna na umekimbia. Akuite vipi? Umemwachia mlango gani? Mtu anayeondoka ili aitwe anaondoka taratibu, anamtakia mwenzake heri, anasimama kizingitini anaangalia hata kitu asichokitaka. Anampa mwenzake nafasi ya kuita bila kuaibika. Hiyo ndiyo heshima. Si uongo."

Nikasema mimi sikujua.

Duka la tatu. Mhindi, mtu mzima, ameweka ubani. Nilikuwa wa kwanza. Nikamuuliza habari za familia, uso ukiwaka kwa aibu. Akaniambia ana binti anasoma udaktari. Nikampongeza, na nilimaanisha. Nikashika pazia la kijani. Akataja, nikataja. Akapunguza, nikaongeza. Akakwama. Mimi nikakwama. Nikaliweka pazia, nikalikunja vizuri kama shuka ya hoteli maana mikono haijui vingine, nikasema haya baba, biashara njema. Nikaenda. Polepole. Sijawahi kutembea polepole hivyo maishani. Mlangoni nikasimama, nikagusa kijinguo cha mezani chenye picha ya ngamia. Nikavuta pumzi.

"Mama! Taal, taal, mama! Njoo!"

Aki ya Mungu moyo uliruka. Mtu ananiita kwa ajili ya pazia, na mimi nikajikuta nalia tena katikati ya Naif, watu wanapita na mikokoteni ya mabunda. Mama Zuhura akamwambia yule Mhindi kwamba nina mafua.

Nimenunua pazia. Chumba chetu hakina dirisha. Nimelitundika kuzunguka kitanda changu cha chini, na sasa Akinyi wa kitanda cha juu ananiita Malkia.

Nimelala nikiwaza jambo moja tu. Sanduku lile siku ile nililibeba mbio. Mlango niliubamiza. Ningekuwa mimi kwenye kiti kile, ningeita nini? Sisemi Wanjala hana makosa. Anayo, tele. Lakini la kwamba hakuniita, hilo nimekuwa nikilibeba vibaya miaka minne.

Ijumaa, 14 Novemba

Zamu ya asubuhi. Nimemweleza Kizza yote langoni, wakati wa chai. Alisikiliza hadi chai ikapoa. Akasema, banange, jamani, basi na mimi nimekosea. Nilikuwa namwita jini kama mtu anayeomba msamaha. Kumbe ni kama muuzaji anayependa mteja wake.

Tukafanya mazoezi pale pale, mimi nikienda hadi kwenye mapipa ya taka na yeye akiniita. Dereva wa lori la samaki akatuangalia sana.

Jumamosi, 15 Novemba

Kurekodi, mara ya mwisho. Nitajaribu kuwa mfupi.

Tumekaa. Bi Salma alitoa stuli, akaweka meza kati yangu na Kizza, akaweka na kahawa na tende. Sir Nabil akahamisha maiki. Akasema sawa sawa. Bi Salma akatuambia kila mstari ni hatua ya kupatana, na anayepatana na wewe anakupenda kidogo, la sivyo angekwishaondoka.

Ikawa tamu. Sijui neno jingine. Tufaa moja kila siku: nilimtaka Kizza atoe mawili, nikalisema hilo kwa uvivu, ulimi umelala, na yeye akaguna vile yule Mhindi alivyoguna. Kukaa mbele ya gari: tulicheka kicheko ambacho hakimo kwenye karatasi, na Sir Nabil akakiacha. Hata lile la ukweli mmoja kila juma, nililiomba kama mtu anayejua ni ghali na bado anauliza.

Kisha mlangoni. Jini ametugeuzia mgongo kwa sekunde kumi na moja, midomo haionekani. Mara ya kwanza nilijaza kimya hicho kwa kilio. Leo nikasema tu, "Haya. Biashara njema." Nikanyamaza. Nikapumua. Nikangoja kwa hamu, si kwa hasira. Kizza naye akangoja hadi nikaogopa. Halafu akaita.

Na ndege ikapita. Juu ya jina la jini hasa. Sir Nabil akainua mkono, uso umemshuka.

Bi Salma akacheka. Sikujua kama huwa anacheka. Akasema rudieni, tatizo liko wapi, mnajua njia sasa. Tukarudia mara nne. Ya nne ni bora kuliko zote.

Nikiwa natoka Bi Salma alinishika kiganja. Alisema, "Leo hukufukuzwa na mtu." Nikamshika na mimi.

Jumapili, 16 Novemba

Sijala tangu asubuhi.

Studio ilijaa. Mimi nilileta wanawake watano wa chumbani, Kizza akaleta walinzi wanne, wawili bado wana sare. Sikuwaambia ni sauti yangu. Nilisema kuna filamu ya bure na soda. Yule mama wa televisheni alikaa nyuma na daftari, suti ya kijivu, uso hausomeki. Mimi nilikaa sakafuni karibu na mlango ili nikimbie ikibidi.

Dakika tano za kwanza ni mateso. Mlinzi mmoja aliuliza hawa wanapigana lini. Akinyi, anayelala popote, hata kanisani, hata kwa daktari wa meno, akaegemea ukuta na kufumba macho. Nikajiambia, Nekesa, kapange sanduku.

Kisha wakafika kwenye matufaa. Mmoja akaguna. Mwingine akasema huyo jini ni mjanja kama wale wa soko la Gikomba. Kicheko. Walipofika kwenye kiti cha mbele walinzi walikuwa wanamtetea mwanaume na wanawake wanamtetea jini, na bei wanaipandisha wao wenyewe kuliko ilivyo kwenye filamu. Lile la ukweli mmoja likawanyamazisha. Jini akasimama. Akaenda mlangoni. Haya. Biashara njema.

Kimya. Nilihesabu. Moja, mbili, tatu.

Akinyi alikuwa amefumbua macho. Akasimama na soda mkononi, akaipigia kelele skrini. "Mwite! Wewe mwanaume, mwite, ataenda!"

Basi chumba kikalipuka. Mwite! Usimwite, anaringa! Si amesimama, huoni amesimama, anangoja! Mlinzi mzima amevaa kofia anaapa kwa mamake kwamba akimkosa jini huyo hatapata mwingine. Walipiga kelele hadi hawakusikia Kizza akiita. Ikabidi Sir Nabil arudishe nyuma. Waliposikia, walishangilia kama goli.

Mimi nilifunika uso kwa mikono. Si machozi. Nilikuwa nacheka na sikutaka wanione.

Yule mama wa suti aliaga kwa heshima na hakusema kama imepita au la. Lakini nilipita karibu na kiti chake baadaye. Daftari alikuwa ameliweka sakafuni tangu mwanzo, na kalamu ina kifuniko.

Jumanne, 18 Novemba

Hakuna habari. Shuka.

Jumatano, 19 Novemba

Hakuna habari. Nimemjibu vibaya supavaiza, nikamwomba radhi, nikamjibu vibaya tena. Kizza anasali sala zote tano na ananiuliza kama mimi nimesali. Nimesali, Kizza. Nimesali hadi nimejirudia.

Wenzangu wawili wa kufulia wamekata tiketi za kurudi nyumbani. Nimewasaidia kufunga masanduku. Mmoja aliniachia pasi yake ndogo. Nimeiweka chini ya kitanda na sijui kama nitaitumia hapa au Bungoma.

Alhamisi, 20 Novemba

Saa tano asubuhi. Nilikuwa nafua soksi.

Bi Salma alipiga yeye mwenyewe. Aliniuliza hali. Aliniuliza habari za mafua yangu ya Naif. Aliniuliza kama Bungoma mvua zimeanza. Zamani ningemkatiza, nimwambie sema mama, sema neno moja, ndiyo ama hapana. Nikakaa kitandani nikajibu kila swali, na mimi nikamuuliza ya kwake, mguu wake unaomuuma, wajukuu wake. Akanizungusha hadi akaridhika.

Kisha akasema zote kumi na mbili. Na Sir Nabil ameshatuma makaratasi ya viza, yangu na ya Kizza.

Nilipiga yowe. Akinyi aliamka akaniuliza nani amekufa.

Jumatatu, 24 Novemba

Vipimo vya viza. Damu, kifua, foleni. Nilipewa namba ya mbali sana. Kizza alikuwa foleni ya wanaume, akinipungia mkono kama mtu aliye kwenye meli. Nesi aliniuliza naenda kufanya kazi gani. Nikamwambia. Hakuniamini, nikamsemea mstari mmoja kwa sauti ya jini. Akamwita mwenzake aje asikie.

Jumapili, 30 Novemba

Nimerudisha sare za hoteli, mbili na kitambulisho. Supavaiza alinipa mkono. Mashine zote zilikuwa zimezimwa. Nilisimama kidogo mle ndani, nikashangaa jinsi chumba kilivyo kidogo bila kelele.

Viza imetoka jana. Nimeitazama kwenye simu mara nyingi hadi betri ikaisha.

Mchana wasichana wa chumbani walinizingira. Sasa wanajua ni mimi. Wanataka kujua sehemu ya sita, kama jini anashuka mjini ama anabaki. Karatasi ninazo, nimeshasoma. Nikasema siri ya kazi. Akinyi akatoa ahadi ya chapati mbili. Nikamuuliza habari za nyumbani kwao. Akatoa nne na maharagwe. Nikamwambia maharagwe yake nayajua. Tulipatana hadi kila mtu akaumwa na mbavu.

Wakapika, tukala sakafuni. Nikaanza kuwasimulia saa kumi. Saa moja jioni gari la farasi lilikuwa bado halijavuka mto, na hakuna aliyeniambia nifupishe.